Wanaolala au wanaokula?

Miaka kadhaa iliyopita nilifanya kazi ya udodosaji katika kijiji kimoja cha pwani. Nilipewa kishikwambi, orodha ya nyumba, na dakika 40 kwa kila kaya. Nyumba ya tatu nilimkuta bibi mmoja amekaa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Nikamwamkia, akaitikia marahaba. Nikamuuliza kaya yake ina watu wangapi. Mkono ukasimama.

"Mjukuu wangu, unauliza wanaolala hapa au wanaokula hapa?"

Kwenye kishikwambi palikuwa na kisanduku kimoja tu. Nikamwomba ataje wote kwa jumla. Akasema saba, nikaandika 7, nikaenda zangu nyumba ya nne. Jioni, nikisubiri gari, ndipo niliposikia kwamba vijana wake wawili wako dago, kambi ya wavuvi, na hawatarudi mpaka bamvu, yale maji makuu, liishe, na mjukuu mmoja analala kwa jirani ila chakula chake kiko kwa bibi. Ile 7 haikuwa uongo, wala haikuwa kweli. Inaniuma mpaka leo.

Anthropolojia, elimu ya watu na tamaduni zao, ilianza na kasoro hiyohiyo. Mabingwa wengi wa karne ya 19 waliandika vitabu vinene juu ya watu wasiowahi kuwatia machoni, wakitegemea barua za wamisionari, wasafiri na maofisa wa kikoloni. Mwaka 1898 Alfred Haddon aliongoza msafara wa Cambridge kwenda visiwa vya Torres Strait, kati ya Australia na New Guinea, kujionea. Lakini aliyefanya ukaaji wa muda mrefu uwe sharti la kazi ni Bronisław Malinowski, Mpoland aliyeishi visiwa vya Trobriand, karibu na New Guinea, kwa vipindi viwili kati ya 1915 na 1918. Alipiga hema katikati ya kijiji cha Omarakana, akajifunza lugha, akaamka na wanakijiji na kulala nao wakilala.

Hivyo ndivyo alivyoielewa Kula, mzunguko wa mikufu ya kombe nyekundu inayopita kisiwa hadi kisiwa upande mmoja, na bangili za kombe nyeupe zinazopita upande wa pili. Mwenye bangili leo atampa mwenzake kesho, na heshima yake imo katika kuipitisha. Sasa mpelekee mtu huyo dodoso lenye swali "una mali gani?" Utaandika bangili moja, na utakuwa hujaelewa chochote.

Najua serikali haiwezi kupanga visima na zahanati bila hesabu. Sipingi hesabu. Ninachopinga ni kuziita siku tatu za kujaza visanduku utafiti wa uwandani, tena kwa maswali yaliyotungwa na mtu ambaye hajawahi kula katika sinia moja na wanaoulizwa.

Na hema peke yake halitoshi. Shajara ya Malinowski ilipochapishwa mwaka 1967, baada ya kufa kwake, wasomaji walikuta humo dharau nyingi kwa watu waliompokea.

Ndiyo maana mimi humrudia Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo. Alikwenda Berlin mwaka 1900 kufundisha Kiswahili, na huko, kabla Malinowski hajaiona Trobriand, akaandika kwa Kiswahili uzazi wa kwao, jando, ngoma, ndoa, pepo na utumwa. Hakuhitaji hema wala mkalimani. Kitabu, *Desturi za Wasuaheli*, kilitoka mwaka 1903 kwa jina la Carl Velten, Mjerumani aliyekusanya maandishi hayo. Mtoro alipojaribu kurudi nyumbani na mkewe Mjerumani mwaka 1905, wakoloni walimzuia. Alifia Berlin mwaka 1927.

Nataka mwanafunzi wetu wa mwaka wa kwanza aanze na Mtoro, kwa Kiswahili chake, ndipo apewe Malinowski. Na dodoso lijalo, kabla halijaingia kwenye kishikwambi, asomewe kwanza bibi anayekuna nazi.