Uchuro wa Ujiji na chumba cha mchanga cha Leeds

Nilipokuwa na umri wa miaka 8, jirani yetu wa Ujiji, mkoani Kigoma, alifariki dunia. Siku chache baada ya maziko, sisi watoto tulikusanyika chini ya mwembe nyuma ya nyumba, tukalivingirisha gunzi la muhindi katika kipande cha kanga, tukalibeba begani kwa kupokezana, mmoja akasoma dua aliyoikumbuka nusu, na wengine tukalia kwa kuigiza, mpaka binti wa marehemu akaanza kulia kweli. Hatukufika kaburini. Shangazi alitutokea na ufagio wa chelewa, akatutawanya huku akitukemea kwamba tunaleta uchuro katika nyumba ambayo matanga yake hayajaondolewa. Binti yule alikuwa ameambiwa kuwa baba yake amesafiri.

Kisa hicho nilikuwa nimekisahau, hadi mume wangu alipofariki hapa Leeds, Uingereza, na mwanetu, wakati huo akiwa na miaka 7, akaacha kabisa kuzungumza darasani. Shule ilimpangia mtaalamu wa tiba kwa njia ya mchezo: dakika 45 kila Jumanne, chumba kilekile, mtu yuleyule, na vitu vilevile mahali pake. Humo chumbani mlikuwa na trei la mchanga, udongo wa kufinyangia, rangi, vikaragosi, nyumba ya wanasesere, wanyama wa plastiki na magari, likiwamo gari la wagonjwa. Mama yule mtaalamu alinieleza kwamba hatamhoji mtoto, hatamfundisha wala hatamsifu, atakaa naye, amfuate anakoelekea, na kumtajia anachokiona, kwa mfano, "Hilo gari umelifukia chini kabisa." Kama mtoto angetaka kumrushia kitu, angemwambia kwamba anaiona hasira yake, kwamba watu hawapigwi, na kwamba mto ule pale unaweza kupigwa. Nilirudi nyumbani nikijiuliza kama kweli kuna mtu anayelipwa mshahara kwa kazi ya namna hiyo.

Baadaye nilisoma, nikakuta kazi yenyewe ina umri mkubwa. Margaret Lowenfeld, daktari wa watoto, alifungua kliniki yake London mwaka 1928, akawawekea watoto mchanga, maji na sanduku la vitu vidogovidogo. Watoto wenyewe ndio walioanza kuyaita waliyoyajenga humo "dunia". Nchini Marekani, Virginia Axline alitoa kitabu chake mwaka 1947 chenye kanuni nane, na mojawapo ni kwamba mtoto ndiye anayeongoza na mtu mzima anafuata. Msingi wa kazi hii ni kwamba mtoto hana bado maneno ya kulibeba jambo zito, kwa hiyo hulibeba kwa mikono yake: hulifukia, hulifukua, hulirudia mara kumi, kila mara akilibadilisha kidogo, hadi lisimtishe kama mwanzo. Niliposoma hayo nililiona lile gunzi letu. Tulikuwa tumeianza kazi hiyo bila kufundishwa na mtu, na ufagio ukaikatiza.

Nilipomweleza kaka yangu wa Mwanga kwa simu kuhusu "tiba ya michezo", alidhani ninazungumzia magoti ya wachezaji wa mpira. Alipoelewa, alisema kile ambacho nadhani wengi watasema: watoto wetu wanacheza kutwa nzima, tiba ya nini tena? Kuhusu kucheza hakukosea. Mtoto wa Kigoma ana mchanga wa ziwa bure, wakati hapa mchanga hununuliwa kwa mfuko dukani. Ana rede, kombolela, kujipikilisha kwa vifuu na makopo, magari ya maboksi yenye matairi ya ndala, na jioni ana bibi anayeita "hadithi, hadithi" akaitikiwa "hadithi njoo". Watoto wengi ninaowaona hapa wangefurahi kupata nusu ya hayo. Lakini mchezo peke yake si tiba. Kinachoufanya uwe tiba ni mtu mzima aliyefunzwa, anayekaa karibu, anayevumilia kuona mtoto akizika gunzi bila kumkimbilia na ufagio, na anayejua afanye nini kilio cha kuigiza kinapogeuka kilio cha kweli. Sisi tumelelewa na kauli ya samaki mkunje angali mbichi, na kwa adabu kauli hiyo inafaa. Kwa huzuni haifai, kwa sababu mtoto aliyekunjwa akanyamaza hatujui amenyamaza na nini.

Sisemi kwamba Uingereza imekamilika. Foleni ya kusubiri huduma hizi ni ndefu, na mwenye pesa huipita kwa kulipa mwenyewe. Isitoshe, sheria inalinda majina ya kazi ya watoa tiba kwa sanaa, muziki na drama, lakini la mtoa tiba kwa mchezo halilindwi hivyo, na mzazi inampasa achunguze mwenyewe mafunzo ya huyo anayemkabidhi mwanawe.

Kwetu uhitaji ni mkubwa kuliko wa Leeds. Mkoa wa Kigoma umepokea watoto waliovuka mipaka wakiwa wameona mambo ambayo watu wazima wenyewe hawayasimulii: kambi ya Nyarugusu ipo tangu 1996 kwa ajili ya Wakongo, na Warundi wakafurika tena mwaka 2015. Maeneo rafiki kwa watoto yanayowekwa katika kambi kama hizo yanasaidia, ila mpira wa watoto hamsini si sawa na saa moja ya mtoto mmoja. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 imeutaja mchezo na mapumziko pamoja na chakula, malazi, mavazi, matibabu na elimu, miongoni mwa haki ambazo mzazi anawajibika kuzitimiza. Ningependa walimu wanaosomea Kasulu, pamoja na maofisa ustawi wa jamii wa wilaya zetu, wafundishwe walau hatua ya kwanza: kutazama bila kuhoji, na kutambua mtoto anayehitaji mjuzi zaidi yao. Hatua zinazofuata zinataka mafunzo marefu na msimamizi, kwani kulifungua jeraha la mtoto kisha kumwacha nalo ni ukatili.

Ugumu ninaouona hauko kwenye vifaa, maana trei fundi seremala wa Ujiji anaweza kulichonga, na mchanga uko ufukweni Kibirizi. Ugumu uko kwenye siri. Mtaalamu yule alinieleza tangu mwanzo kwamba, isipokuwa kuwe na hatari kwa mtoto, hataniambia alichocheza, bali kwa ujumla tu anaendeleaje. Nilikasirika: mimi ni mama yake. Sasa nafikiria ukoo wetu, ambamo bibi, mama mdogo na shangazi watatu kila mmoja ana haki ya kujua, na sijui nani atasimama mlangoni kuwazuia. Mimi mwenyewe sikuweza kuvumilia hata wiki moja. Jumanne ya kwanza nilimnunulia mwanangu chipsi, tukapanda basi, nikamuuliza polepole walifanya nini humo chumbani. Alisema, "Nilizika magari," akageukia dirishani, na chipsi akala zote.