Mawazo Hayakumuua Jirani Yangu

Juzi kwenye mkutano wa mazishi hapa Umoja, Nairobi, mzee mmoja wa ukoo alisimama, akamtazama kijana aliyefiwa na mkewe, akasema mbele ya watu wote: "Huyu msichana ameuawa na mawazo." Watu wakatikisa vichwa kukubali. Mweka hazina akaendelea kusoma majina ya waliochanga.

Marehemu alikuwa jirani yangu, mlango kwa mlango. Alijifungua salama, akaruhusiwa kurudi nyumbani, na siku chache baadaye kichwa kikamshika, akawa anaona vimulimuli, kisha akakakamaa na kutetemeka kabla teksi haijafika. Mumewe hana kazi ya kudumu, na kwenye ploti yetu kila mtu alikuwa akiwasikia wakizozana kuhusu kodi. Basi hesabu ikawa rahisi: mume alimpa mawazo, mawazo yakapandisha presha, presha ikamuua. Kijana akainamisha kichwa, akaipokea hukumu hiyo kana kwamba ni haki yake.

Kwenye matanga watu hawajibizani, kwa hiyo nayasema hapa. Presha ya mimba haizaliwi na ugomvi wa kodi. Inaanzia kwenye kondo la nyuma, tena mapema sana, miezi kadhaa kabla ya mtu kuona mguu umevimba.

Katika nusu ya kwanza ya mimba, chembe za kondo huingia kwenye ukuta wa mji wa mimba na kuitengeneza upya mishipa midogo ya damu ya mama. Mishipa hiyo kwa kawaida ni myembamba, imejipinda, ina misuli inayoibana. Kazi ikifanyika vizuri, misuli inatoweka, mishipa inapanuka, na damu inamfikia mtoto kwa wingi na kwa utulivu. Kazi ikikwamia njiani, mishipa inabaki myembamba, na kondo linaishi kama ploti nzima inayotegemea bomba moja jembamba. Watafiti wamelijua hilo tangu miaka ya 1960. Mama mwenyewe wakati huo hajisikii chochote. Anaenda kazini, anapanda matatu, anapika. Kumbe kondo lililokosa damu limeanza kumwaga kwenye mwili wake protini zinazoharibu utando wa ndani wa mishipa yake, na ndiyo maana figo zinavujisha protini kwenye mkojo, ini linauma chini ya mbavu za kulia, macho yanaona vimulimuli. Presha kupanda ni dalili moja tu kati ya nyingi.

Mwaka 2003 kundi la watafiti wa Boston, likiongozwa na Ananth Karumanchi, lilionyesha kwamba kondo la wanawake wenye hali hii linatoa kupita kiasi protini iitwayo sFlt-1. Walipowapa panya protini hiyo, panya wakapanda presha na protini ikaonekana kwenye mkojo wao. Na ukitaka ushahidi wa zamani zaidi, muulize mkunga yeyote kuhusu mimba ya zabibu. Mara nyingi mle ndani hamna mtoto kabisa, kuna tishu za kondo zilizokua ovyo tu, na bado mwanamke anaweza kupatwa na presha ya mimba, tena mapema kuliko kawaida.

"Lakini alikuwa ameshajifungua," ndivyo alivyoniambia mama mmoja tukitoka pale. Ndiyo, mama, na hapo ndipo tunapozikia watu. Kondo likitoka ugonjwa huanza kuondoka, ila hauondoki siku hiyohiyo. Presha ya mzazi hufika kileleni kati ya siku ya 3 na ya 6 baada ya kujifungua, na kifafa cha mimba, yaani kule kukakamaa na kutetemeka, kinaweza kumkuta mama hata wiki kadhaa baadaye. Wakati huo yuko nyumbani ananyweshwa uji, wageni wanakuja kumwona mtoto, na hakuna mwenye mashine ya presha.

Nakubali kwamba mawazo hupandisha presha. Nakubali pia kwamba kutokwa na damu ndiko kunakoua akina mama wengi zaidi nchini. Lakini mwenye kukosana na mumewe na mwenye kuishi naye kwa amani, wote wawili kondo linaweza kuwageuka.

Nina hasira kwa sababu maneno haya yanaua. Mwanamke akishaambiwa ugonjwa wake ni mawazo, dawa anayopewa ni ushauri: pumzika, usikasirike, punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani lilisema tangu 2011 kwamba kulala kitandani na kupunguza chumvi si njia zinazopendekezwa za kuzuia hali hii. Linalopendekeza ni aspirini ya kiwango kidogo kwa walio hatarini zaidi, ianze kabla ya wiki ya 20, na kalsiamu kwa wanaoipata kidogo kwenye chakula. Utafiti mkubwa wa 2017 uliwapa walio hatarini aspirini ya miligramu 150 kila usiku, wakianza kati ya wiki ya 11 na ya 14, na presha ya mimba inayolazimisha kujifungua kabla ya wakati ikapungua kwa zaidi ya nusu. Aspirini! Na kifafa chenyewe kina sindano yake, salfeti ya magnesiamu. Mwaka 2002 ilithibitishwa kwa wanawake wapatao 10,000 katika nchi 33 kwamba inapunguza hatari ya kifafa kwa nusu.

Kabla ya hayo yote kuna kijikaratasi cha kupimia mkojo. Unakichovya, unasubiri kidogo, rangi ya njano ikigeuka kijani kuna protini. Nimekaa kwenye benchi la kliniki moja ya mtaani nikamsikia nesi akimwambia dada mwenye miguu iliyovimba kwamba vikaratasi vimeisha, aje mwezi ujao. Mwezi ujao!

Kuna na wale wa kuwashwa, ugonjwa mwingine wa mimba unaopuuzwa. Mjamzito anajikuna viganja na nyayo usiku kucha, ngozi haina upele, na majirani wanamwambia abadilishe sabuni. Inawezekana nyongo haitiririki vizuri ndani ya ini, asidi zake zinaingia kwenye damu na kuvuka hadi kwa mtoto. Uchambuzi uliochapishwa 2019 ulionyesha kwamba asidi hizo zikifika mikromoli 100 kwa lita au zaidi, hatari ya mtoto kufia tumboni inapita asilimia 3. Kuwashwa namna hiyo kunapimwa damu.

Na kondo lenyewe? Mkunga analitandaza kwenye trei, analigeuza upande uliokuwa umeshikana na mama, anapapasa vipande kuona kama kuna kilichobaki, anahesabu mishipa mitatu kwenye kamba ya kitovu. Kisha ndoo, kisha shimo. Hata likiwa dogo kupindukia, lina mabaka meupe magumu pale damu ilipokatika, mara nyingi haliendi maabara. Serikali ya Marekani ilianzisha mradi mzima wa utafiti wa kondo mwaka 2014 kwa kuwa hata huko kiungo hiki kilikuwa kimesahaulika. Kwetu, Chuo Kikuu cha Aga Khan kimekusanya sampuli za damu na kondo huko Mariakani na Rabai, kaunti ya Kilifi, pamoja na watafiti wa Gambia na Msumbiji katika mtandao wa utafiti uitwao PRECISE. Nataka kazi hiyo ifike kwenye wodi za Nairobi. Mama akifa kwa presha, familia ipewe ripoti ya daktari kuhusu kondo lake, wasiachiwe wazee wa ukoo watafute wa kulaumiwa.

Aliyewahi kupata presha kwenye mimba iliyopita asingoje mimba ifike miezi mitano ndipo aende kliniki. Aende mara tu anapojua ana mimba, aseme "nilikuwa na presha," na aulizie aspirini. Na akishajifungua, apimwe tena ndani ya wiki hiyohiyo, hata kama anajisikia mzima.