Magna Carta ilisomwa kwa sauti, hukumu ya shangazi haikusomwa

Wiki iliyopita nilikuwa kwenye daladala na dereva alikuwa amefungulia redio kipindi cha elimu ya sheria. Mgeni wa siku hiyo, mtu mzima mwenye sauti ya upole, alisema haki zote tulizonazo mahakamani zilizaliwa siku moja, tarehe 15 Juni 1215, pale mfalme wa Uingereza alipotia saini Magna Carta, yaani Hati Kuu, na kuwapa watu wote haki zao. Abiria aliyekaa pembeni yangu alitikisa kichwa kukubali. Nilishuka na hasira, na hasira hiyo ndiyo inayoandika hapa.

Mfalme huyo, John, hakutia saini chochote. Hati ilipigwa muhuri wa nta kwenye uwanja wa majani wa Runnymede, kando ya mto Thames, na ilipigwa muhuri kwa sababu mabwana wakubwa wa nchi walikuwa wameshika silaha na jiji la London lilikuwa mikononi mwao tangu mwezi Mei. Hakuna aliyepewa kitu pale. Watu walidai, wakachukua. Na hao "watu wote" nao hawakuwa wote. Kifungu cha 39, kile maarufu kinachosema mtu asikamatwe wala kufungwa isipokuwa kwa hukumu halali ya wenzake au kwa sheria ya nchi, kinamtaja mtu huru. Wakulima waliofungwa kwenye ardhi ya mabwana zao, ambao walikuwa sehemu kubwa ya Waingereza, hawakuhesabiwa kuwa huru. Kifungu cha 54 kinasema mtu asikamatwe kwa mashtaka ya mwanamke kuhusu kifo cha mtu yeyote, isipokuwa kifo cha mumewe. Na ile "siku moja" haikudumu. Tarehe 24 Agosti mwaka ule ule Papa Innocent III aliitangaza hati kuwa batili, naye John alishaanza kujiandaa kwa vita. Wiki kumi tu, karatasi ikawa imekufa.

Swali lililonifanya nisome mambo haya kwa miaka kadhaa ni hili: karatasi iliyokufa baada ya wiki kumi ilipataje kuwa jambo ambalo watu wanalitaja kwenye daladala miaka 800 baadaye?

Kabla ya kujibu, ngoja nisimulie habari ya shangazi yangu.

Mwaka 2016 shangazi alikuwa na shauri la mirathi. Mumewe alifariki akaacha nyumba na shamba lenye michungwa, na shemeji zake wakataka vyote. Mahakama ya Mwanzo ilimpa haki yake. Pale kila kitu kilikuwa cha Kiswahili, aliuliza, akajibiwa, akaelewa. Shemeji wakakata rufaa wilayani. Siku ya hukumu mimi sikuwepo. Hakimu alitamka kwa haraka, karani akampa shangazi nakala, kurasa kumi na moja, zote za Kiingereza. Alipouliza zinasema nini, aliambiwa kila kitu kimeandikwa humo, akasome. Shangazi anasoma Kiswahili vizuri, Kurani anaisoma, lakini Kiingereza hakijui hata neno. Nje ya mahakama shemeji yake mmoja akamwambia, "Umeshindwa, shemeji yangu. Tunakupa mpaka mwisho wa mwezi."

Nilifika baada ya siku tisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia bila kuinua uso. Sufuria zilikuwa zimefungwa kwenye shuka, godoro limeviringishwa na kamba ya katani, na kwenye ukuta kulikuwa na alama nyeupe pale palipokuwa na picha ya marehemu. Akatoa ile hukumu kwenye mfuko wa rambo, akaninyooshea. "Mwanangu, hebu niangalizie. Nimeshindwa kweli?"

Alikuwa ameshinda. Mstari wa mwisho wa ukurasa wa kumi na moja ulisema rufaa ya shemeji zake imetupiliwa mbali. Siku tisa mwanamke yule alilia na kufunga vyombo vya nyumba iliyokuwa yake, huku haki yake ameishika mkononi ndani ya mfuko wa rambo.

Nikirudi Uingereza, jibu la swali langu ni hili: hati ile iliokolewa na kurudiwa na kusomwa. John alikufa Oktoba 1216 katikati ya vita, akamwachia ufalme mtoto wa miaka 9, Henry III. Mzee William Marshal, aliyekuwa msimamizi wa mtoto huyo, alihitaji watu waache kupigana, basi akaitoa hati upya mwezi Novemba mwaka ule ule. Ikatolewa tena 1217. Ikatolewa tena 1225, safari hii mfalme akilipwa kwa kodi ya sehemu moja ya kumi na tano ya mali zinazohamishika. Kila mfalme alipoishiwa fedha, watu walimwambia: isome kwanza hati yako. Mwaka 1253 pale Westminster, kama anavyosimulia Matthew Paris, mtawa aliyeandika historia ya zama zile, maaskofu walisimama na mishumaa inayowaka, wakamlaani kila atakayevunja hati, kisha wakaitupa mishumaa chini ikazimika ikifuka moshi na kunuka. Mfalme alikuwa amesimama palepale, mkono kifuani.

Mwaka 1297 ikaamriwa nakala zipelekwe kwenye makanisa makuu ya nchi, zisomwe mbele ya watu mara mbili kwa mwaka. Mwaka 1300 ikaongezwa: masherifu, yaani maofisa wa mfalme wa kila jimbo, waisome mbele ya mkutano wa jimbo mara nne kwa mwaka. Mara nne! Mtu asiyejua kusoma hata herufi moja angeweza kusimama pale na tope miguuni akasikia mfalme amekatazwa nini. Hapo ndipo haki ilipozaliwa, kama ni lazima tuitafutie siku ya kuzaliwa.

Na ndani ya hati yenyewe, vifungu ninavyovipenda ni vile visivyotajwa redioni. Kifungu cha 17 kinasema mashauri ya kawaida yasiifuate mahakama ya mfalme, yasikilizwe mahali maalumu. Mtu anaweza kukipita bila kukiona. Lakini mtazame Richard wa Anstey. Mwaka 1158 alifungua shauri la mirathi ya mjomba wake. Mahakama ya mfalme ilikuwa popote alipo mfalme, na mfalme wa wakati huo, Henry II, hakukaa mahali pamoja. Richard akatuma mtu hadi Normandy, kaskazini mwa Ufaransa, kuleta barua ya mfalme ya kufungulia shauri. Akamfuata mfalme mwenyewe hadi kusini mwa Ufaransa alikokuwa vitani. Akapoteza farasi njiani. Akakopa kwa riba, akakopa tena kabla hajalipa mkopo wa kwanza. Mfalme naye akalipwa mark 100 za fedha. Alishinda mwaka 1163, baada ya miaka mitano, na tunayajua haya kwa sababu aliandika hesabu ya kila alichotumia, na hesabu hiyo ipo mpaka leo. Nilipoisoma mara ya kwanza nilimwona shangazi, na nauli zake, na siku alizoambiwa arudi wiki ijayo kwa sababu jalada halionekani. Kifungu cha 17 kilitoka kwenye miguu iliyochoka ya watu kama Richard. Kifungu cha 40 ni ndugu yake: hatutamuuzia mtu haki, hatutamnyima, wala hatutamcheleweshea.

Nakiri, ingawa kwa shingo upande, kwamba Henry II yule yule aliyemchosha Richard ndiye aliyejenga sehemu kubwa ya mashine yenyewe. Baraza la watu 12 wa kila eneo la kutaja wahalifu, mwaka 1166. Njia ya haraka ya kumrudishia ardhi mtu aliyefukuzwa bila hukumu. Vilitengenezwa ili mfalme apate nguvu na ada, na bado vilimsaidia mkulima huru. Sawa.

Lakini ninachotaka tukikalie kitako ni mwaka 1362.

Kwa karibu miaka 300 tangu Wanormani, watu wa Normandy, waiteke nchi mwaka 1066, Uingereza ilitawaliwa na watu wanaoongea Kifaransa. Watu wa kawaida waliongea Kiingereza sokoni, shambani na kitandani, lakini mawakili walibishana kwa Kifaransa na makarani waliandika kumbukumbu kwa Kilatini. Mtu aliweza kunyongwa kwa maneno asiyoyaelewa. Mwaka 1258 serikali iliona ni lazima itoe tangazo la mfalme kwa Kiingereza pia, ili liwafikie watu, kisha mambo yakarudi kama zamani. Mwaka 1354 bunge lilifanya jambo kubwa: lilisema hakuna mtu, wa cheo chochote au hali yoyote, atakayenyang'anywa ardhi au kuuawa bila kuitwa ajibu kwa utaratibu wa sheria. Kile kizuizi cha "mtu huru" kikavunjwa. Miaka minane baadaye likafuata la lugha. Sheria ya 1362 inasema wazi kwamba Kifaransa hakijulikani vya kutosha nchini, na kwamba wenye mashauri hawaelewi kinachosemwa kwa niaba yao wala dhidi yao na mawakili wao. Kwa hiyo mashauri yaendeshwe kwa Kiingereza.

Rudia hayo maneno: hawaelewi kinachosemwa kwa niaba yao wala dhidi yao. Yameandikwa na bunge la Uingereza, kuhusu Waingereza, miaka zaidi ya 650 iliyopita, na yanamhusu shangazi yangu mwaka 2016 neno kwa neno.

Sheria hiyo yenyewe iliandikwa kwa Kifaransa. Mawakili waliendelea kuandika ripoti zao kwa Kifaransa chao cha mahakamani hadi karne ya 17, na Kilatini hakikuondolewa rasmi kwenye kumbukumbu za mahakama mpaka mwaka 1733. Hiyo ndiyo kasi ya watu wa sheria wakiachiwa waamue wenyewe lini mwananchi aelewe.

Sasa, sheria ya Kiingereza kwa ujumla wake ililetwa kwetu kwa tarehe. Kenya wanahesabu 12 Agosti 1897, Tanganyika tunahesabu 22 Julai 1920: sheria za Uingereza zilizokuwa zikitumika siku hiyo zikawa msingi wa zetu. Ililetwa na watu waliojua vizuri kifungu cha 39, na watu hao hao wakawaweka Wakenya kizuizini kwa maelfu bila kesi wakati wa hali ya hatari iliyoanza 1952. Kwa hiyo mtu asiniambie tulipewa zawadi. Tuliachiwa mitambo na lugha ya mitambo, na lugha ndiyo tuliyoishikilia kwa nguvu zaidi.

Najua mawakili watasema nini. Kesi rejea ziko kwa Kiingereza, kutoka London, Delhi na Nairobi, na wakili asiyezisoma atamwangusha mteja wake. Ni kweli. Wakili ajue Kiingereza, na Kilatini akipenda. Lakini mteja ni mwingine, na hukumu ni ya mteja. Wanaosema Kiswahili hakina maneno ya sheria nawaomba waifungue Katiba yetu, ambayo ni ya Kiswahili, halafu waingie Mahakama ya Mwanzo yoyote wakasikilize jinsi hakimu anavyomweleza mama wa soko maana ya mdhamini, msimamizi wa mirathi, zuio na fidia. Maneno yapo na yanafanya kazi kila siku.

Mwaka 2021 sheria yetu ilibadilishwa, Kiswahili kikatamkwa kuwa lugha ya mahakama, huku Kiingereza kikiachiwa nafasi pale haki inapokihitaji. Nilifurahi siku ile, kwa dhati. Lakini nimesoma ya 1362 na yaliyofuata, kwa hiyo sitaki kuishia kwenye furaha. Nataka kila anayetoka mahakamani na hukumu awe ameisikia ikisomwa na ameielewa, hasa ule mstari wa mwisho, kabla hajafika getini anakosubiriwa na shemeji zake.

Kisheria mkutano mkuu wa kijiji hukaa kila baada ya miezi mitatu, mara nne kwa mwaka, idadi ile ile waliyopewa masherifu mwaka 1300. Nimeshamwomba mwenyekiti wa kijiji chetu anipe dakika kumi kwenye mkutano ujao, na amekubali. Nitasoma ibara ya 13 ya Katiba, ya usawa mbele ya sheria na haki ya kusikilizwa na kukata rufaa, kisha ya 24, ya haki ya kumiliki mali. Nimemwambia shangazi. Amesema atakuja mapema apate nafasi ya mbele, na kwamba nisisome haraka kama yule hakimu.