Nimeshikwa na Kitasa

Mke wangu aligonga mlango wa jikoni mara tatu.

“Fungua.”

“Siwezi.”

“Umepoteza ufunguo?”

“Ufunguo ninao mfukoni. Mkono ndio sina.”

Kimya. Kisha kwa ile sauti yake ya upole, inayonitisha kuliko kelele, akasema: “Baba watoto, leo ulikuwa unatengeneza nini?”

Nilikuwa natengeneza nyumba nzima. Nyumba yetu ni ya zamani, ilijengwa enzi ambazo umeme ulikuwa wa taa mbili na redio, na siku hizi inakula umeme kama imetumwa. Hewa inapita popote inapotaka. Wakati wa joto kiyoyozi chetu kinapooza mtaa; wakati wa baridi hita inawapasha moto ndege walio darini.

Nilianza vizuri, jamani. Nilitoa balbu 10 za wati 60 nikaweka taa za LED za wati 9. Kutoka wati 600 hadi 90, kwa kusimama tu juu ya kiti! Ushindi huo ndio ulioniponza. Kesho yake nikabana karatasi kwenye mlango wa friji, ikachomoka bila hata kuvutwa, maana yake mpira wa mlango umelegea na ubaridi unatoroka. Nikazima friji ili nibadilishe mpira. Sikuubadilisha, kwa sababu usiku huo nilipitisha mshumaa kando ya madirisha na milango, nao ulipofika mlango wa jikoni, mwali ukalala kabisa kama unasujudu. Nikasahau friji. Adui nilishamwona.

Nikanunua makopo mawili ya povu la kuziba nyufa. Nyuma ya kopo waliandika, kwa herufi za sisimizi, uvae glovu na ujaze ufa nusu tu. Nusu? Mtu mzima na akili zake afanye kazi nusu?

Nikapachika komeo mlango wa mbele nisisumbuliwe, nikaziba madirisha yote, la chooni tu ndilo sikulifikia, kisha nikahamia jikoni. Povu linatoka polepole, jepesi, la njano, linapendeza hata. Nilipojaza ufa wa mlango mpaka pomoni, nikaacha kubonyeza. Lenyewe halikuacha. Likaendelea kuumuka, likatoka ufani, likaning’inia kama ulimi, likaanza kushuka kuelekea sakafuni. Nikalirudisha kwa kiganja. Hapo ndipo tulipofahamiana.

Nikakimbilia bomba la maji. Ngoja niwaambie jambo ambalo hakuna aliyeniambia: povu hili hugandishwa na unyevu. Yaani mimi, kwa mikono yangu miwili, nilikuwa nalisaidia. Nikajifuta usoni, nyusi moja ikaenda na maji, maana yake ikaenda na povu. Nikawaza, walau nifungue mlango kabla haujagandana na fremu. Nikakishika kitasa. Nacho kikanishika.

Nilisimama hapo muda wa kutosha kukumbuka makosa yangu yote tangu utotoni.

Mke wangu aliita fundi. Akaingia kwa dirisha la chooni, miguu kwanza, akanikuta jikoni, akanitazama mkono, nyusi, kisha mkono tena. “Mzee, nani kakufunga hapa?” Nikamwambia nafanya kazi ya kupunguza matumizi ya umeme. Akasema pole. Akatoa kisu, akachonga povu taratibu akikwepa vidole vyangu, huku mabega yakimtetemeka. Hakucheka kwa sauti, namshukuru.

Tulipofungua mlango wa mbele, fundi alisimama mbele ya mita. “Humu ndani mmewasha nini?” Nikajibu kwa fahari: hakuna. Taa zimezimwa, kiyoyozi kimezimwa, hata friji. Akaitazama ile taa nyekundu ya mita, akatazama saa yake, akahesabu dakika nzima. Ilipepesa mara 33. Mita yetu imeandikwa kwamba mipepeso 1,000 ni uniti 1, yaani wati 1,000 zikitumika saa nzima. “Basi kuna kitu kinavuta kama wati 2,000,” akasema, “na kinaendelea.”

Tukazunguka chumba kwa chumba, mimi na mkono wangu wa njano mbele. Hakuna kitu. Mwisho mke wangu akasukuma mlango wa bafu la nyuma, lile tuliloligeuza stoo tangu tuhamie. Akavuta magodoro mawili na kiti kilichovunjika mguu. Ukutani kulikuwa na hita ya maji ya lita 50, ya moto kuushika, ikidondosha tone, tone, tone kwenye shimo la maji machafu. Maji yakipungua, mapya yanaingia baridi, hita inayapasha, yanadondoka. Siku zote hizo tumemchemshia nani maji ya kuoga?

Mke wangu hakusema neno. Akanitazama nyusi, akanyoosha kidole kimoja kisafi, akabonyeza swichi. Tak. Fundi kule nje akapiga kelele: “Imetulia!”

Povu la mkononi lilibanduka lenyewe siku ya tano, pamoja na ngozi kidogo. Ufa wa mlango wa jikoni, baada ya kile kisu, sasa unapitisha paka. Kopo la pili mke wangu amelificha, lakini nimeshaliona lilipo: stoo, nyuma ya hita.