Mteja ni Mfalme, Toka Upesi

Kwetu Tanga kukaribisha mgeni hakufundishwi. Hajavua viatu ameshaambiwa karibu mara tano, na akiaga anaambiwa karibu tena. Kwa hiyo nilipopata kazi ya jioni kwenye duka la kuku wa kukaanga mjini Daegu, Korea Kusini, nilikokuwa nikisoma, nilijiambia: kuku wanaweza kunishinda, lakini wageni hawanishindi.

Daegu wanapenda kuku. Tangu 2013 wana tamasha zima la kiangazi la kula kuku na kunywa bia. Duka letu lilikuwa la meza saba tu. Bosi, niliyemwita Sajangnim, alishinda jikoni na mafuta yake. Mkewe, Samonim, alikaa kaunta. Jina langu lilimshinda, akaamua kuniita Haksaeng, yaani mwanafunzi.

Somo la kwanza lilikuwa rahisi. Kengele ya mlango ikilia, unainama na kupaza sauti: "Eoseo oseyo!" Lisome "oso oseyo". Ndiyo karibuni yao. Saa ya kwanza nilikaribisha wateja, nikamkaribisha mleta bia, nikamkaribisha na Sajangnim aliyekuwa ametoka kutupa taka.

Siku ya pili nikajikwaa. Kikorea nacho kina kitu kinachofanana na ngeli: kila unachohesabu kina neno lake. Mtu wa kuheshimiwa huhesabiwa kwa "bun", mnyama kwa "mari". Sasa niambie, duka la kuku unasikia nini kutwa? Han mari, du mari, kuku mmoja, kuku wawili. Wakaingia baba, mama na binti yao wa miaka kama 6. Nikainama kwa adabu zote nikauliza, "Myeot mariseyo?" Ni kama kumsimamisha mzee wa watu mlangoni na kumuuliza, "Vimekuja vingapi?" Baba akakodoa macho. Binti akainua vidole vitatu, akajibu kwa furaha, "Se mari!" Tuko wanyama watatu. Mama alicheka mpaka akashika ukuta.

Nikaapa kuanzia hapo sisemi neno kabla sijalifikiria. Ningeendelea kuropoka tu, ingekuwa nafuu.

Maana usiku ule nilikaa nikapiga hesabu. "Oseyo" ni njooni. "Gaseyo" ni nendeni. Basi "eoseo", nikasema moyoni, ndiyo iliyobeba adabu yote. Ndiyo "karibu" yenyewe, ya kumpokelea mgeni na ya kumsindikizia. Mteja anatoka? "Eoseo gaseyo!" Na kwa kuwa nimelelewa kwa shikamoo, wazee niliwainamia zaidi, mpaka naona kamba za viatu vyangu, na sauti nikaipandisha wasije wakaikosa.

Hiyo ilidumu siku nne. Samonim alikuwa amekwenda kwa mama yake kutengeneza kimchi, yaani kabichi ya kuchachushwa yenye pilipili, ya msimu wa baridi, kazi ambayo huko hukusanya ukoo, na Sajangnim kwa kelele za feni na mafuta hakusikia kitu. Wateja wakawa wanatoka kwa namna ya ajabu. Wengine walimalizia kuvaa koti wakiwa barabarani. Mzee mmoja aliinuka kwenda chooni, ambacho kilikuwa nje kwenye korido. Mimi nikamuwahi mlangoni: "Eoseo gaseyo!" Alinitazama kwa muda, akarudi mezani, akachukua kofia yake, akaondoka. Mwenzake akabaki na nusu kuku na bili nzima. Vijana wawili walirudi kesho yake wakiwa wameshika simu kunirekodi. Nikajua ukarimu wa pwani umeanza kuvuma.

Siku ya tano Samonim akarudi na ndoo zake za kimchi. Wazee wanne wakamaliza kula, wakalipa, wakaelekea mlangoni. Hapa, nikasema, leo mama ataona. Nikainama, nikavuta pumzi.

"Eoseo gaseyo!"

Kadi ya benki ya mteja ilimponyoka Samonim ikaingia chini ya friji. Alitoka kaunta mbio, akawainamia wale wazee sijui mara ngapi, akawabebesha soda za bure huku akiomba radhi. Kisha akanishika aproni akanivutia jikoni.

"Haksaeng! Mbona unawafukuza?"

Kumbe "eoseo" ni "upesi". Mgeni anaambiwa njoo upesi, kwa maana tulikuwa tunakungoja kwa hamu. Nusu ya pili nikaimalizia mwenyewe, taratibu, huku masikio yakipata moto. Siku nne nzima nilikuwa nikiinama hadi magotini, kwa tabasamu, nikiwaambia watu waliolipa pesa zao watoke haraka.

Sajangnim aliposimuliwa ilibidi azime jiko kwanza.

Nikafundishwa upya. Anayeondoka unamwambia "annyeonghi gaseyo", nenda salama. Anayebaki unamwambia "annyeonghi gyeseyo", baki salama. Ga ni wa kwenda, gye ni wa kubaki. Nikaandika kiganjani kwa kalamu.

Usiku tulipofunga, Samonim alinifungia kuku na kopo la kimchi kwenye mfuko, akachungulia saa, akafungua mlango. "Basi la mwisho! Eoseo ga, eoseo!"

Nikamkazia macho. Akacheka. Mtoto wa nyumbani, akasema, unaruhusiwa kumharakisha; hayo ni mapenzi.

Nikajipanga mlangoni nimuage inavyopasa. Nikafungua kiganja: wino wote ulikwenda na maji ya vyombo. Basi nikainama hivyo hivyo.

"Annyeonghi gaseyo, Samonim!"

Akageuka akaitazama kaunta yake, akazitazama meza saba, akamtazama mumewe anayepiga deki.

"Niende wapi, Haksaeng? Duka si langu hili?"