Kosa la karani, ada ya mwenye gari

Gari nyingi zinazoingia Unguja na Pemba ni mitumba ya Japani. Kwa gari hizo, namba ya chesisi, ile ya kiwandani inayoitambulisha gari, huanza na herufi na tarakimu za aina ya gari, kisha kistari, kisha tarakimu tupu. Baada ya kistari hakuna herufi! Karani wa usajili akiandika O pahala pa sifuri, kadi ya gari haioani na gari wala bima, na ukirudi kurekebishiwa unaambiwa ulipie kadi mpya. Kwa lipi? Ada ni malipo ya kazi. Hapa kazi imeharibiwa. Kosa la mteja alipe mteja, la kaunta lisahihishwe bure. Na risiti ionyeshe kila huduma na bei yake, si jumla moja yenye “nyenginezo”. Nyenginezo ndiyo nini, jamani? Mtu katoka Micheweni, nauli ya kwenda ofisini Chake Chake kishalipa.