Destroya moja kufuta nyambizi tano: ni haki ama ni uvivu wa sheria?

Jumapili tulikuwa tumetandaza bodi ya Axis & Allies, ule mchezo wa Vita vya Pili vya Dunia, hapa Kisumu, mimi nikiwa Ujerumani na Mwalimu, mzee wetu anayefundisha historia, akiwa Uingereza. Nilikuwa nimejikusanyia nyambizi tano Atlantiki, moja ikiwa kifuniko cha Fanta juu ile ya plastiki ilipotelea ndani ya kochi kitambo. Kila moja inanunuliwa kwa pointi 6, ndio pesa ya mchezo, kwa hivyo ni 30 nimemwaga baharini. Mwalimu akachukua destroya moja (meli ya kivita ya kuwinda nyambizi) ya pointi 8, akaiweka polepole kando ya meli yake ya kubeba ndege, halafu akaendelea na chai yake.

Kwa wale hawajacheza, nyambizi ikishambulia inatupa dadu, 1 ama 2 ni imepiga, na utamu wake ni kwamba inapiga kabla ya wengine, chenye imezamisha kinatoka bila kurudisha hata risasi. Ikibanwa inajizamia zake, na ndege haziwezi kuigusa. Sasa destroya ya adui ikiwa pale, hata ikiwa moja tu, hayo yote yanafutwa, uje na nyambizi moja ama uje na kumi. Nikatupa dadu tano nikakosa zote, ndege mbili za ile meli yake zikapata ruhusa ya kunipiga, nikapoteza tatu, nikarudi nyuma na mbili, moja ikiwa ni ile Fanta.

Nililalamika, sikatai. Pointi 8 kufuta 30 ni hesabu gani hio? Ndio maana watu wengi hununua nyambizi kama ngao tu, kitu cha bei rahisi cha kufa badala ya manowari kubwa ya pointi 20. Wengine hucheza kwa sheria yao ya nyumbani, destroya moja inafuta nyambizi moja, basi.

Lakini Mwalimu si mtu wa kujibiwa haraka. Akasema, "Kijana, hicho kidude si meli moja, ni kikosi kizima, na hio bahari umeweka kidole juu yake ni maelfu ya kilomita." Akanikumbusha Mei 1943, Ujerumani ilipoteza nyambizi zaidi ya 40 kwa mwezi mmoja, mpaka Dönitz, mkuu wa jeshi lao la majini, akaziondoa Atlantiki ya Kaskazini. Ulinzi ukishapangika vizuri, anasema, wingi wa nyambizi unakuwa wingi wa majeneza. Na ile sheria ya destroya moja kwa nyambizi moja ina shida yake, tena kubwa: mimi nalipa 6 yeye analipa 8, kila raundi, mpaka Uingereza inabaki haina pesa ya meli za kubeba askari na mchezo unakufa hapo. Hapo alinishika, sina jibu.

Penye namkatalia ni kwa ile ya kupiga kwanza. Chukua Khedive Ismail, meli iliyotoka Mombasa ikienda Colombo, imebeba wanajeshi wa mizinga wa Afrika Mashariki pamoja na wauguzi. Tarehe 12 Februari 1944, karibu na Maldives, nyambizi ya Japani I-27 iliipiga torpido mbili ikazama kwa dakika chache, watu 1,297 wakafa. Na msafara huo haukuwa uchi, ulikuwa na kruza (meli kubwa ya kivita) Hawkins na destroya mbili, Paladin na Petard. Kwa bodi yetu I-27 isingepiga kwanza. Kwa bahari ilipiga. Chenye destroya zilifanya ni kuinyima nafasi ya kutoroka, na kwa bei chungu sana, mabomu ya majini yakaangushwa penye manusura walikuwa bado wanaelea, mpaka nyambizi ikaibuka na ikazamishwa.

Kwa hivyo mimi naona destroya ibaki na kazi ya kuzuia nyambizi isijizamie, lakini isifute pigo la kwanza. Hio ya ndege kungoja destroya ndio sielewi kabisa, juu kwa vita yenyewe ndege zilizamisha nyambizi nyingi zikiwa peke yake, lakini ukiwapa ndege ruhusa hio hakuna mtu atanunua nyambizi tena, kwa hivyo wacha ikae.

Tulijaribu hio yangu mara mbili. Ya kwanza nilimaliza meli za Uingereza kwa raundi tatu, na hata mimi niliona aibu kidogo. Ya pili tukapandisha nyambizi ikawa 7 na mambo yakakaribiana, Mwalimu akashinda lakini kwa jasho, bado anasema 7 ni kidogo, anataka 8 kama destroya. Kwa 8 mimi sinunui, afadhali nijenge vifaru.